Ukurasa wa Kipepeo na Mbawakawa

Bantimurung, 14 Februari 1993

Kwa Hamsinah,

Ukiuona mwandiko huu usianze kulia, hajafa mtu. Aliyetangulia ni paka wa jikoni tu, na huyo alikuwa mzee kuliko mlango. Huku mvua haijakatika tangu Desemba. Maporomoko yamejaa, njia ya pangoni imefungwa, na wageni wachache waliokuja wiki iliyopita walirudi mjini na matope hadi magotini. Shangazi Saenab bado anauza mahindi ya kuchemsha getini, na bado hamrudishii mtu chenji bila kumsema. Baba anaendelea. Asubuhi miguu inamvimba kidogo, lakini mchana anashika kazi yake ya kukausha na kuuza vipepeo kama kawaida.

Ni miaka minne sijakuandikia, na sababu unaijua. Kwa mila yetu binti aliyetoroka na mwanamume ni maiti anayetembea mpaka apatanishwe na wazazi, na maiti haandikiwi barua. Tangu siku ile Baba hajalitaja jina lako, nasi tumejifunza kutolitaja mbele yake. Anwani hii nimeipata kwa fundi mmoja aliyerudi kutoka Tawau, ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo usiihesabu kuwa barua ya nyumbani. Ni barua ya kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Mkuu wa bustani ya maporomoko anajenga chumba cha maonyesho, na ameniomba niandike ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani, unaolinganisha kipepeo wa kwetu na mbawakawa wa msituni: nani anazaliwaje, anakula nini, anaishi muda gani, anakufaje. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, mdomo wangu unaujua. Kipepeo hanisumbui, nimemkamata tangu sijaota meno ya mbele. Lakini mbawakawa alikuwa wako. Wewe ndiye uliyefuga mabuu kwenye beseni la kufulia mpaka Shangazi akapiga yowe la kuita majirani. Niandikie unayoyajua, usifupishe.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Na huyo mwanamume usimpe salamu zangu, kwa kuwa sijazituma.

Sampara


Kambi ya shamba la michikichi, Tawau, 3 Aprili 1993

Kwa Daeng Sampara, kaka yangu,

Barua yako imenikuta hai, ingawa kwa mila yenu ni utovu wa adabu. Imezunguka wiki sita ikafika na doa la mafuta ya samaki, nami nimeinusa hilo doa kama mwendawazimu kwa kuwa pengine ni mafuta ya kwetu. Nimefurahi, Daeng. Nakwambia wazi ili usijisumbue kukisia.

Hukuwa unajua kwamba nina mtoto. Ni wa kike, anaitwa Caya, ana miaka mitatu na masikio ya Baba yaliyosimama kama mishikio ya sufuria. Sikukuu nilimpikia barongko ya kufungwa majanini kwa ndizi za huku, haikushikana, tukainywa kama uji. Mimi nafanya kazi ya kutoa chonga, binamu mharibifu wa mbawakawa wetu, kwenye michikichi michanga: naingiza waya kwenye tundu alilotoboa, namvuta nje, namtia ndoo. Mume wangu Baddu yupo palepale shambani. Habari zake nitakuandikia siku nyingine.

Sasa mbawakawa. Andika kwamba maisha yake karibu yote ni giza. Yai hutagwa kwenye gogo lililooza, buu huanguliwa humo, na humo hula mbao mbovu mwaka mzima na zaidi, mpaka awe mnene kuliko kidole gumba cha mwanamume. Kisha hujijengea chumba cha udongo na kugeuka humo. Na hili watu hawalijui: akishakuwa mbawakawa kamili, na pembe zake zote tatu, hatoki. Hubaki chumbani wiki nyingi akingoja gamba likauke. Ukimfukua mapema utamkuta mwekundu, laini, na ukimbonyeza anabonyea. Nilimfukua mmoja hivyo nikiwa na miaka tisa, akafa mkononi mwangu. Baba hakunichapa siku ile. Alikaa chini kando yangu tukamwangalia mpaka akaacha kusogeza miguu.

Akitoka anaishi miezi michache tu, akinywa utomvu wa miti na kupigana na wenzake. Yaani mwaka wa kujiandaa kwa miezi ya kuishi.

Lililobaki si la kazi. Nataka kurudi nyumbani. Nataka Baba anipokee mbele ya imam kama ipasavyo, angali anajijua. Miguu ya marehemu Mama pia ilianza kuvimba asubuhi, hukumbuki? Muulize Baba kwa ajili yangu. Muulize hata kama jibu litakuwa tusi, bora nilijue.

Hamsinah


Bantimurung, 30 Mei 1993

Kwa Hamsinah,

Huku hatujambo. Jua limerudi, na vipepeo wamejaa kwenye mchanga wa mto hata mtu anaona haya kuwakanyaga. Shangazi ameng'oa jino na sasa anatukana kwa upande mmoja. Kwa hiyo mimi ni mjomba wa mtu. Nimelisema neno hilo peke yangu njiani na mbuzi wa jirani akanigeukia.

Ukurasa umeanza kusimama. Upande wa kipepeo nimeandika hivi: kiwavi wake hali kila jani, hula mmea mmoja tu utambaao wa msituni, wenye sumu, na asipoupata hufa njaa katikati ya majani mengine. Hujining'iniza kwenye kijiti, hugeuka kifuko, na wiki ya tatu hutoka. Saa moja ya kukausha mbawa, basi, anaruka. Hana chumba cha udongo wala subira. Huishi wiki chache, mchana tu, na rangi yake yote ni unga, ukimshika vibaya inabaki vidoleni mwako.

Nilimsomea Baba Ijumaa ya tarehe 21 baada ya sala. Alikuwa barazani anakunja karatasi za pembetatu za kuwekea vipepeo, Shangazi yuko pembeni na chai.

"Umepatia," akasema, "ila umesahau mkojo."

"Baba, huu ni ukurasa wa wageni."

"Kwani wageni hawakojoi? Kipepeo dume hushuka mchangani kufuata chumvi. Sisi tunamwekea chumvi ya bure. Andika."

Shangazi alicheka mpaka chai ikampanda puani. Nikaendelea upande wa mbawakawa, maneno yako karibu yalivyo. Baba akaacha kukunja. Nilipofika kwenye chumba cha udongo aliuliza, "Haya kayaandika nani?"

"Mtu mmoja wa mbali."

"Mtu huyo anajua," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kuhusu lile swali lako, Baba hajasema kitu. Ningekuwa na la kukuambia ningekuambia.

Umeacha kwa heshima kuniuliza kama nimeoa. Sijaoa. Ramlah amejifungua mtoto wa tatu huko Pangkep. Ndugu zake walirudisha mahari yangu wiki ileile mliyoondoka. Walisema nyumba iliyoshindwa kuchunga binti mmoja haiwezi kutunza mke wa mtu. Sikuandikii haya ili ulie, nakuandikia ili ujue kwamba uliondoka na vitu zaidi ya nguo zako.

Sampara


Tawau, 18 Julai 1993

Kwa Daeng Sampara,

Salamu zako zimefika, na habari ya jino la Shangazi imetuchekesha. Caya alipata surua akapona, sasa anakimbiza kuku wa watu na mimi ndiye ninayewaomba kuku radhi. Tuko wazima.

Habari ya Ramlah nilikuwa siijui. Nimekaa nayo wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Daeng, nilijua ninamwumiza Baba, na hilo nililibeba kwa kujua. Wewe sikukufikiria. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na naona aibu. Nisamehe ukiweza.

Kwa ukurasa, ongeza namna wanavyokufa, maana mkuu wako aliuliza. Kipepeo ukimbana kifua kidogo kwa vidole viwili amekwisha, humsikii. Mbawakawa hukunja miguu, akalala chali, ukasema amekufa, ukamfunga kwenye karatasi, na siku ya tatu karatasi inatembea juu ya meza. Unakumbuka yule aliyetafuna sanduku la Baba la kuwauzia wageni wa Japani? Ndiyo maana mbawakawa lazima aingizwe kwenye maji ya moto, na usimwamini mpaka miguu ilegee yenyewe.

Namtuma mmoja kwa mama wa Sinjai anayerudi kwa meli ya mwezi huu. Nilimwokota alfajiri chini ya taa ya ofisi ya shamba. Ni dume, pembe zote tatu nzima. Nimemweka kwenye kopo la biskuti, na miguu nimempanga kama tulivyofundishwa, ya mbele mbele, mingine nyuma. Mpe Baba. Ukiona vigumu kusema ametoka kwangu, sema ametoka kwa mtu wa mbali.

Na umwulize tena. Mwezi Mei uliandika kwamba hajasema kitu. Je, ulimwuliza? Hilo hukuliandika.

Hamsinah


Bantimurung, 2 Oktoba 1993

Kwa Hamsinah,

Mbawakawa amefika salama, hata kucha haikukatika. Mama wa Sinjai alikaa naye mwezi mzima akiogopa kufungua kopo, kwa hiyo usinilaumu kwa kuchelewa. Baba alimpokea mkononi. Alimgeuza, akatazama miguu muda mrefu, akamrudisha kwenye kopo na kuliweka juu ya kabati lake.

Baba hatoki tena. Uvimbe umepanda hadi mapajani. Daktari wa Maros amempa vidonge vya kukojoa na Baba anasema sasa anaweza kulisha vipepeo wa wilaya nzima. Anatania, lakini halali vizuri.

Unataka jibu, basi hili hapa. Kupatanishwa hakuji kwa barua wala kwa kopo la biskuti. Aliyevunja ndiye ajenge. Baddu aje, apitie kwa Imam Daeng Tompo, aje na mahari na kitambaa cha kichwani, apige magoti mbele ya nyumba watu wakiona. Wewe uwe nyuma yake. Akifika hivyo mlango utafunguliwa. Asipokuja yeye, mimi sina neno.

Msichelewe.

Sampara


Tawau, 9 Novemba 1993

Kwa Daeng Sampara,

Barua yako imefika leo mchana na ninajibu leoleo, maana mwenye duka anakwenda posta kesho. Caya mzima. Mimi mzima. Salamu zitatosha hapo.

Baddu hawezi kuja. Baddu amekufa. Alifariki tarehe 11 Januari, mwezi mmoja kabla ya barua yako ya kwanza. Alikuwa anakata mikungu ya chikichi kwa mundu wa mti mrefu, mkungu ukamwangukia shingoni, na alipofikishwa barabarani alikuwa amekwisha. Amezikwa nyuma ya kambi. Ndiyo maana niliandika kwamba yupo palepale.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Niliogopa mtasema amepata haki yake. Barua yako ilikuwa ya kwanza kutoka nyumbani kwa miaka minne, na mlemle umenikataza kumpa salamu, ningekwambiaje? Baadaye nikaogopa jambo lingine. Siku zote nimesikia kwamba wanaopatanishwa ni wawili, mume mbele na mke nyuma. Mwanamke aliyebaki peke yake sijawahi kuona anapokewa. Nikasema nikitaja kifo cha Baddu, mlango unafungwa. Basi nikawa namwacha hai kwenye barua, na kila nikifika mahali pa jina lake mkono unaniuma.

Alikuwa mtu mwema, Daeng. Hujawahi kukaa naye hata siku moja. Alikuwa akiimba vibaya na hakuwahi kunikumbusha kwamba kwa ajili yangu naye hana kwao. Nilitaka mtu mmoja wa nyumbani alijue hilo.

Sasa umejua yote, sina kingine nilichoficha. Nijibu kitu kimoja kwa kweli ya Mungu: nikija peke yangu na mtoto, Baba atanifungulia? Kama ni ndiyo, nitapanda meli ya kwanza hata kwa kusimama. Kama ni hapana, andika hapana, lakini usiniandikie tena kwamba hajasema kitu. Siwezi tena kuishi na hilo.

Hamsinah


Bantimurung, 21 Desemba 1993

Hamsinah, mdogo wangu,

Baba amefariki. Ni Jumamosi tarehe 27 Novemba, kabla ya adhuhuri. Alizikwa jioni ileile karibu na Mama, watu walijaa hadi barabarani, hata mkuu wa bustani alikuja na kubeba jeneza. Barua yako ilifika Jumatatu tarehe 6, siku ya tisa ya msiba. Nilikuwa nabeba viti kuvirudisha msikitini. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa juu ya kimojawapo katikati ya njia, na Shangazi akaja kunikokota mkono.

Nimeanza barua hii mara tano. Nimekuchelewesha wiki mbili kwa woga na si kwa kukosa karatasi. Mungu amrehemu Baddu. Hilo ningeliandika kwanza kama ningekuwa mtu mwenye adabu.

Mwezi Mei nilikuandikia kwamba Baba hajasema kitu. Alisema. Siku ileile ya ukurasa, Shangazi alipoingia ndani kufuta chai, Baba aliniambia, "Sampara, hapo umeandika mbawakawa ni mdudu mgumu. Mgumu ni gamba. Lifunue uone, chini yake mna mbawa nyembamba kuliko za kipepeo, zimekunjwa tu. Futa." Nikafuta. Akakunja karatasi moja, akakunja ya pili. Kisha akasema, "Mwandikie Hamsinah aje. Aje na mumewe, aje bila mumewe, sijali tena. Nimechoka kuona aibu. Nina miaka mingapi iliyobaki ya kuona aibu?"

Alikutaja kwa jina. Miaka minne hatukuwahi kulisikia mdomoni mwake, na mimi peke yangu ndiye niliyelisikia. Nikamjibu, "Nitaandika, Baba." Nikaenda nikaandika yale uliyoyasoma.

Na si hayo tu. Kila aliposikia meli imeingia Parepare alikuwa akiniuliza, "Hajajibu?" Nami nasema, "Barua za huko huchelewa, Baba." Kopo lako lilipofika alimgeuza mbawakawa akasema, "Huu mkono wake. Basi hajanikasirikia. Sasa mbona haji?" Nikatoka nje kuchanja kuni. Masharti yale niliyokuandikia mwezi Oktoba, ya Baddu na mahari na magoti, hakuyatoa yeye. Ni yangu. Imam Daeng Tompo nimemwuliza baada ya mazishi, akanishangaa: mjane hupokewa peke yake, imekuwa hivyo tangu zamani, angetuambia sote wawili kama mmoja wetu angeuliza.

Miezi sita Baba aliamini kwamba umeitwa na hukutaka kuja. Amekufa akiamini hivyo. Siku tatu za mwisho alikuwa akigeukia ngazi kila mtu alipopanda, na sikumwambia kweli hata wakati ule. Nilifungua mdomo mara mbili. Nilimwogopa, yeye asiyeweza hata kuinua kijiko.

Nakueleza kilichonifikisha huko, si kujitetea. Siku mliyotoroka mimi ndiye niliyepaswa kuwafuata, mwanamume wa nyumba. Nilikwenda Parepare na jambia la Baba kiunoni nikakuta meli imeshatoka. Niliporudi, vijana wa getini waliniuliza, "Vipi Sampara, ulikwenda kukata matikiti?" Wamekuwa wakiniita Mkata Matikiti mpaka mwaka huu. Ramlah akaenda. Nikawa ninaamka na kitu kimoja tu kichwani: Baddu atapiga magoti mbele ya watu walewale, nami nitakuwa nimesimama. Baba alipokusamehe barazani, bila magoti, bila mashahidi, niliona ameninyang'anya hicho kimoja nilichobaki nacho. Nikasema acha wangoje kidogo. Kumbe nilikuwa nangoja magoti ya marehemu.

Ukurasa umebandikwa. Watu wanausoma wanacheka kwenye mkojo. Sijaingia chumba kile tena.

Sijui niombe nini kwako, kwa hiyo siombi.

Sampara


Tawau, 30 Januari 1994

Kwa Daeng Sampara,

Barua yako nilisomewa. Nilifika kwenye mstari wa kwanza nikashindwa, nikampa mke wa msimamizi amalizie, na alipofika kwenye "Hajajibu?" naye akashindwa. Tuliimaliza kesho yake. Kwa siku kumi Caya alilishwa na majirani.

Nimekuwa nikijiuliza nani wa kumlaumu, na kila nikikunyooshea kidole naikumbuka barua yangu ya Aprili. Kama ningeandika pale kwamba Baddu amekufa, pengine moyo wako ungelainika, ungemtii Baba, nami ningefika Julai. Najua hilo. Lakini mimi nilificha msiba wangu mwenyewe. Wewe ulinificha baba yangu nikiwa namwita, ukamficha yeye binti yake naye ananiita. Havilingani, Daeng, usijaribu kuvilinganisha.

Kuna mzee wa Bone hapa kambini anayeijua mila. Nilimwuliza, baba akifa kabla ya kupatanisha, binti anafanyaje? Akasema anapokewa na kaka. Kaka hukaa mahali pa baba, binti hupiga magoti mbele yake, kaka akimshika bega na kumwinua mambo yamekwisha, jina lake linarudi na watoto wake wanakuwa na watu. Nilimwuliza mara mbili kama hakuna mwingine. Mjomba hatuna. Ni wewe.

Kwa hiyo nakuja. Meli inaondoka Nunukan tarehe 16 Februari. Usije Parepare kunipokea, nitapanda gari mwenyewe hadi kwa Imam Daeng Tompo. Ataniletea watu, atanifunika kitambaa, nami nitapanda ngazi za nyumba ya Baba na kupiga magoti miguuni pako, vijana wa getini wakiona, Shangazi akilia. Utapata magoti uliyoyangoja. Nayafanya kwa ajili ya Caya, ili siku moja mtu akimwuliza yeye ni wa nani awe na la kujibu.

Utaniinua, na watu watasema Sampara ana moyo mkubwa, amemsamehe dada yake. Waache waseme. Sitamwambia mtu, hata Shangazi. Lakini mkono wako ukiwa begani mwangu usiniangalie usoni, maana sijui utakuta nini huko.

Baadaye utanionyesha kaburi, kisha uondoke uniache nalo. Nina miezi sita ya kumweleza.

Hamsinah